Rangi ya mpira kwenye IST ya Ngamiani: ilikofaa na ilikogoma

Gari lenyewe ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, zile zilizotengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007 na kutufikia huku zikiwa zimeshatumika. Rangi yake ni ya fedha. Mwenye gari ni mama anayeuza vitenge hapa Ngamiani, Tanga, na gari lina kazi mbili. Siku za kawaida dereva analitembeza kama teksi na kuleta hesabu jioni. Ukiingia Mfungo Mosi, harusi zinapofumuka, linakodishwa kubebea wapambe na mara mojamoja maharusi wenyewe.

Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Paa na boneti vilikuwa vimebabuka: mabaka meupe yenye kingo zinazochanika, na ukipitisha kiganja unatoka na unga. Mteja mmoja wa harusi alikuja, akalizunguka gari, akasema, "Hili lina mba," akaenda kukodi kwingine. Mama akaamua gari lipigwe rangi, na likishapigwa liwe jeupe, maana maharusi wengi wanataka jeupe.

Mapendekezo yakaja matatu. Fundi rangi wa Mabawa, anayetumia rangi ya 2K inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, alitaka milioni moja na laki mbili kwa gari zima. Fundi wa pili akasema atalimaliza kwa NC, rangi isiyotumia hadina, kwa laki nne na nusu. Kisha mpwa wa mama, kijana anayekaa Dar es Salaam, akaja na la tatu: "Shangazi, usimpe mtu milioni. Kuna rangi ya mpira. Unapuliza mwenyewe, ukiichoka unaibandua kwa mkono, rangi ya zamani inabaki vilevile." Mimi niliitwa kwa kuwa huwa nakagulia watu magari kabla hawajanunua, na mama alitaka mtu asiyepata chochote katika rangi aseme neno.

Niseme kwanza kwamba mpwa hakuwa anaongopa. Kitu hicho kipo na kinafanya kazi. Kinachojulikana zaidi duniani ni Plasti Dip cha Marekani, kutoka kampuni iliyoanzia Minnesota mwaka 1972, na mwanzoni kilikuwa cha kuchovyea mipini ya plaizi na bisibisi ili isiteleze mkononi. Baadaye watu wakaona kwamba kikipulizwa juu ya bodi ya gari kinakauka kuwa utando wa mpira ambao hauli rangi ya chini. Umeishikilia tu. Ukiwa mnene wa kutosha unatoka kipandekipande. Siku hizi yako makopo ya kupuliza ya chapa nyingi, ya Kichina yakiwemo, na Kariakoo hayakosekani.

Siri yote iko kwenye unene. Mkono mmoja au miwili ya kupuliza haitoshi. Inatakiwa minne, mitano, hata sita, na kila mmoja usubiri uliotangulia ushike. Utando mwembamba haubanduki, unavunjika kuwa vipele ambavyo utavisugua mpaka vidole viume. Kwa gari dogo zima wenye ujuzi huhesabu galoni 3 hadi 4, kila moja kama lita 3.8. Wauzaji husema utando hudumu hadi miaka 3 hivi. Miaka hiyo ichukue kwa tahadhari ukiwa kwenye jua la pwani, kwa gari lisilojua kivuli cha gereji.

Kuna sharti ambalo picha za mtandaoni hazilisemi kwa sauti: utando unabanduka vizuri pale tu rangi ya chini inapokuwa imeshika bodi kuliko utando ulivyoishika rangi. Rangi ya chini ikiwa imelegea, siku ya kubandua vyote vinaondoka pamoja.

Ukaguzi wangu ulianzia hapo.

Magari ya Kijapani ya rangi ya fedha kama hili yana rangi ya tabaka mbili: rangi yenyewe chini, na juu yake tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'aro, ambalo mafundi huliita klia. Jua ndilo adui wa klia. Ndiyo maana kubabuka huanzia paa na boneti, ambako jua linapiga wima, milango ikiwa bado ina afya. Kulipima ni rahisi: bandika tepu ya karatasi, ikandamize kwa kidole gumba, ivute kwa ghafla. Kwenye milango ya IST hii tepu ilitoka safi. Kwenye boneti ilitoka na magamba, na si pembeni mwa baka tu. Hata mahali palipoonekana pazima, shibiri moja kutoka kwenye baka, klia ilikuja. Paa lilikuwa baya zaidi.

Jaribio la pili ni la kitambaa. Lowesha kitambaa cheupe kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, sugua mahali pasipoonekana sana, subiri kidogo, tazama kitambaa. Rangi ya kiwandani na 2K iliyokomaa haitoi kitu. NC inayeyuka upya kila ikikutana na tina, hata kama ilipigwa miaka mingi iliyopita, kwa sababu inakauka kwa kupoteza tina yake tu. Haigandi na hadina. Mlango wa nyuma kushoto: kitambaa safi. Ubavu wa nyuma kushoto, ule wenye kifuniko cha tanki: kitambaa kikawa cha fedha. Mama akakumbuka. Bajaji iliwahi kuubonyeza ubavu huo, dereva akaupeleka kwa fundi wa karibu, ukajazwa puti na kupigwa NC. Kwa macho hujui.

Hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu rangi ya mpira nayo imo tina ndani yake: toluini, zailini na ndugu zake. Ndizo zinazoufanya mpira uwe maji kwenye kopo. Ukizipuliza juu ya NC zinailainisha, na mpira unajishikiza humo kabla haujakauka.

Chini ya milango kulikuwa na kutu, kama kwenye magari mengi yanayolala karibu na bahari. Si nyingi, lakini imeshaanza kunyanyua rangi kwenye mkunjo wa bati. Rangi ya mpira haitibu kutu. Inaifunika, na penye tundu dogo la utando unyevu wa chumvi ukiingia hautoki. Utakuja kuliona tatizo siku bati limeshatoboka.

Basi tukafika kwenye hesabu, na hapa ndipo nilipotofautiana na mpwa kabisa. Rangi ya mpira ilipata jina kwa kuwa nafuu, lakini nafuu hiyo ilipigwa kwa bei za Marekani. Kule kupiga gari rangi ni dola elfu moja kwenda juu, na kazi nzuri ni elfu kadhaa; sehemu kubwa ya fedha hizo ni saa za fundi: kupiga msasa, kujaza, kuziba, kupuliza, kung'arisha. Mtu akinunua galoni zake kwa dola mia kadhaa na kupuliza mwenyewe uani Jumamosi, ameokoa saa za fundi. Tanga mambo yamegeuka. Saa za fundi ndizo za bei ndogo; kinachouma ni vifaa vya kutoka nje. Galoni hizo zinashika moto, kwa hiyo kuzisafirisha kwa ndege ni shughuli, na makopo ya madukani kila mkono uliyapitia umeongeza chake. Kitu kilichobuniwa kumkwepa fundi ghali hakina sababu ya kuwa nafuu mahali ambapo fundi si ghali.

Mpwa hakukubali kwa maneno, na alikuwa na haki. Alikuwa ameshakuja na makopo kadhaa meupe, ya elfu kumi na tano kila moja. Tukakubaliana ajaribu upande mmoja: mlango wa nyuma kushoto, ubavu wake na kifuniko cha tanki. Ilikuwa Februari. Utando ukae mpaka masika yapite, kisha ubanduliwe, shangazi yake aone kwa macho.

Makopo manne yaliishia hapo. Nyeupe juu ya fedha ni ngumu kufunika. Mkono wa tatu bado ulikuwa unaonyesha chini. Mikono ya kwanza aliipuliza adhuhuri, bati likiwa la moto, na matone yakakauka kabla hayajatandaa, sura ikawa ya chengachenga ukiigusa. Ile ya baadaye aliipuliza saa tatu asubuhi kivulini, ikalala vizuri. Kusubiri saa tatu ni bora kuliko alfajiri, maana alfajiri ya pwani hewa ina maji mengi: tina ikiruka inalipoza bati, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, na rangi inakuwa na ukungu.

Kwa mwendo huo gari zima lingekula makopo yasiyopungua 25. Ni laki tatu na elfu sabini na tano, fundi hajalipwa senti, na paa na boneti bado ni lazima zikwanguliwe na kupigwa praima kwanza, kwa sababu klia yake imekufa. Ukishakwangua na kupiga praima umeshamaliza nusu ngumu ya kazi ya rangi. Kwa nini umalizie na mpira?

Masika yalipita. Mvua haikuufanya utando chochote. Walioutesa ni waosha magari. Wale vijana lami wanaitoa kwa kitambaa cha mafuta ya taa, wakati mwingine petroli, na mpira hauvumilii mafuta hayo. Chini ya mlango, ambako lami inarukia, utando ulikuwa umevimba na kukunjamana. Kwenye kifuniko cha tanki hali ilikuwa mbaya zaidi: sheli bomba likitolewa linadondosha tone, tone linashuka ubavuni, na kila linapopita mpira unakuwa ulimbo. Weupe wenyewe ulikuwa umekwisha. Utando huu hauna mng'aro wa klia, una vinyweleo, vumbi linakaa ndani yake. Harusini gari hilo lingeonekana limevaa fulana ya jana.

Siku ya kubandua tulikuwa wengi, maana jambo lilishakuwa la mtaa. Mpwa alianza juu ya mlango, kwenye kona ya dirisha. Alikwangua kwa ukucha mpaka akapata mdomo wa kushika, akavuta taratibu kuelekea chini huku mkono wa pili ukifuata nyuma ya utando. Ulitoka mzima. Kipande kimoja chenye umbo la mlango, na tundu la kitasa katikati. Chini yake rangi ya fedha ilikuwa inang'aa kuliko mlango wa mbele, kwa kuwa haikuguswa na jua wala brashi muda wote huo. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Kwenye mkunjo wa chini, ambako mkono wake ulipita juujuu, utando ulikatika vipandevipande, na hapo alikaa na kitambaa cha mafuta ya taa mpaka adhuhuri.

Kisha akahamia ubavuni. Alivuta, ukakataa. Akavuta kwa nguvu zaidi, ukaja, nyuma yake ukiwa wa fedha: NC imebandukana pamoja nao, praima ya kijivu imefuata, na sehemu mbili zimefika hadi kwenye puti. Mpwa akabaki ameshika kipande, anakitazama upande wa ndani. Shangazi yake hakumcheka. Alisema tu, "Mwanangu, na lile paa je?"

Swali la weupe lilikuwa na upande mwingine ambao wanaosifia kubadilisha rangi wanaupita. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake ya usajili. Ukilibadilisha likawa jeupe, taarifa inabidi ibadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, na haisaidii kujitetea kwamba hii ni ya kubanduka. Askari akikusimamisha anasoma kadi na kutazama gari lililo mbele yake. Ukiligonga na kwenda bima, na huko wanasoma kadi. Kwa gari la biashara linalosimamishwa mara kwa mara, tofauti ya kadi na bodi ni kero unayojinunulia mwenyewe.

Tulichomshauri mama ni hiki: aachane na weupe, gari libaki la fedha. Paa, boneti na ule ubavu zikwanguliwe na kupigwa 2K. Mpira upewe kazi unayoiweza, yaani rimu na grili ya mbele. Laki nne na nusu za NC tulizikataa bila mjadala mrefu. Chini ya jua hili NC inapauka upesi, na kila tone la petroli ni kidonda.

Fundi wa Mabawa alikubali laki tatu na nusu kwa sehemu tatu na kutu ya chini ya milango. Alisoma namba ya rangi kwenye kibati cha chumba cha injini, palipoandikwa C/TR, akachanganyisha dukani kwa namba hiyo. Hata hivyo fedha ni rangi ya hila. Ndani yake mna chembe za madini, na namna zinavyolala inategemea mkono: ukipuliza mbali na kikavu zinabaki juu na rangi inaonekana nyeupe zaidi, ukipuliza karibu na kimajimaji zinazama na rangi inakuwa nzito. Kwa hiyo namba sahihi peke yake haikutoshi. Fundi huyu alipuliza kibati cha majaribio kwanza, akakiweka juu ya mlango, akatoka nacho juani, akarudi, akapunguza upepo wa kompresa, akarudia. Ubavuni hakukata rangi kwenye ukingo; aliififisha taratibu kuelekea mlangoni, kisha klia ikapita juu ya vyote viwili. Mpaka wake siuoni, na najua ulipo.

Rimu alipuliza mpwa, na hii kazi aliifanya vizuri. Alizivua wilikapu akaziacha kabisa. Rimu za chuma za IST zilikuwa zimekolea unga mweusi wa breki, na huo usipotoka mpira haushiki, kwa hiyo alizisugua kwa sabuni ya unga na brashi, akasuuza, akaziacha juani. Kwenye tairi hakubandika tepu. Alichomeka kadi kuukuu za karata kati ya ukingo wa rimu na tairi, moja ikipandana na nyingine kuzunguka. Nyeusi, kopo moja kwa kila rimu, mikono mitano, wa kwanza mwembamba hata unaona chini. Kwenye grili alibandika tepu, na tepu akaivuta mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi. Hilo watu wengi wanalikosea: ukisubiri ukauke, tepu inaung'oa utando wote unaoungana nayo.

Jambo moja nililomgombeza ni mahali. Alikuwa amejipanga chini ya mwembe, na hatua chache tu kutoka hapo mama lishe alikuwa na jiko la mkaa linawaka. Mvuke wa makopo haya ni mzito, unatambaa chini, na unashika moto. Tukahamia upande wa pili wa ukuta. Na ile barakoa ya kitambaa aliyovaa ilizuia matone tu. Mvuke wa toluini unapita kama haipo. Kinachouzuia ni barakoa yenye vichujio vya mkaa. Asiyenayo apulize uwanja wazi, asimame upande unakotoka upepo, na akipata kichwa kizito aache.

Hesabu ya mwisho: laki tatu na nusu za fundi, makopo manne ya rimu na moja la grili, jumla laki nne na elfu ishirini na tano. Makopo manne ya majaribio mpwa alisema ni zawadi yake kwa shangazi. Kadi haikuguswa. Gari lilirudi kwenye harusi, likiwa la fedha, na wanaolitaka jeupe mama anawaambia la kwake ni la wapambe.

Rimu zimeshaonyesha tabia yake. Ile ya mbele kushoto ililamba ukingo wa barabara, utando ukachanika urefu wa kidole, na upepo wa mwendo ukaendelea kuufunua. Dereva aliubandua wote kwa mkono akisubiri abiria stendi ya Kange, jioni rimu ikaoshwa, asubuhi ikapulizwa kwa kopo jingine la elfu kumi na tano. Fundi rangi hakuitwa. Waosha magari wameambiwa lami ya kwenye rimu waitoe kwa sabuni. Wanaitikia vizuri sana, na dereva husimama hapohapo mpaka wamalize.